"Aliugua kwa muda mfupi": sentensi iliyomfuata mchapaji hadi kwa daktari

Saa mbili kasoro robo asubuhi, siku ya Alhamisi. Mlango wa chuma wa kibanda cha kuchapa haujafunguka hata nusu, na tayari mteja wa kwanza amekaa kwenye benchi la nje. Magotini ameshika bahasha ya kaki yenye picha ya mdogo wake.

Mwenye kibanda, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Chapa, haulizi amefuata nini. Maziko mengi hapa ni ya Jumamosi, kwa hiyo Alhamisi ni siku ya wafiwa. Anawasha kompyuta, anapuliza vumbi kwenye kibodi, anamsogezea mgeni kiti.

"Pole sana, kaka yangu. Tuanze na kuzaliwa."

Kazi yake ni kuchapa historia za marehemu, zile kurasa mbili zinazosomwa mbele ya jeneza na kugawiwa waombolezaji. Ana umri wa miaka arobaini na sita, na kati ya hiyo kumi na mmoja ameimaliza kwenye kiti hiki. Kwa wiki huchapa historia tatu au nne. Mwenyewe anakadiria amekaribia watu elfu mbili. Barua za maombi ya kazi na nakala za vyeti zinalipa pango tu. Watoto wake wawili wamesomeshwa na marehemu.

Vidole vinakimbia wakati mteja, dereva wa lori, anaeleza. Alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, alioa. Kisha wanafika kwenye ugonjwa, na dereva anapunguza mwendo.

"Hapo andika aliugua kwa muda mfupi."

"Mfupi kiasi gani?"

"Siku nne."

"Hizo ni za hospitali. Nyumbani je?"

Dereva anaangalia sakafu. "Nyumbani miaka miwili. Alikuwa anakojoa damu. Tukimwambia twende, anasema anajua watakachomwambia. Na sisi, kusema kweli, tulikuwa hatutaki kukisikia."

Mama Chapa anachapa alichoagizwa: Aliugua kwa muda mfupi. Hainui uso.

Sentensi hiyo anaichukia kuliko umeme unapokatika katikati ya kazi. "Watu wangu wote wameugua muda mfupi," anamwambia baadaye mwandishi wa makala haya, akicheka kicheko kisicho na raha. "Ugonjwa unaanza siku ukivuka geti la hospitali. Kabla ya hapo ulikuwa uchovu, ulikuwa gesi, ulikuwa umelalia ubavu vibaya."

Kwa maneno hayo ungedhani yeye ndiye wa kwanza kwenye foleni ya vipimo. Thubutu!

Kwenye droo ya chini, chini ya riboni za mashine yake ya zamani, kuna karatasi ya rufaa iliyokunjwa mara nne. Ina miezi saba. Muuguzi wa zahanati alipapasa uvimbe kwenye titi lake la kushoto, akamwandikia aende hospitali kubwa, wakate kinyama wakipime. Siku ile uvimbe ulikuwa kama punje ya hindi. Leo, anasema, ni limau dogo.

Mbona hakwenda? Jibu lake analo tayari, na amelijenga kwa ushahidi wa miaka kumi na mmoja.

"Chukua historia yoyote humu usome. Alipelekwa, alipimwa, alilazwa, akafariki. Watu elfu mbili! Nionyeshe mmoja aliyepelekwa akarudi. Dada yangu alikwenda kupimwa kwa miguu yake mwenyewe. Wiki tano baadaye nilikaa hapa hapa, namchapa."

Dada huyo, mkubwa wake, alikuwa ameficha maumivu mwaka mmoja na nusu kabla ya kwenda. Mama Chapa analijua hilo vizuri. "Kichwani najua alichelewa," anasema. "Miguu ndiyo haitaki kujua."

Tumezoea kudhani kwamba anayekiona kifo kila siku ndiye atakayekuwa mwangalifu kuliko wote. Huo ni uongo wa watu wanaokiona mara moja kwa mwaka. Mama Chapa kakizoea kifo hadi anakikaribisha kiti, ila kuulizwa swali na daktari kunamtoa jasho.

Nyuma ya ukuta wa mbao wa kibanda chake kuna kinyozi, na kinyozi huyo ni mumewe. Wanasikilizana kutwa nzima bila kuonana. Miezi saba hii amembembeleza, amenuna, amesusa chakula, ametuma hadi mashemeji. Leo anazima mashine yake ya kunyolea na kuongea kupitia upenyo wa mbao.

"Mwambie mwandishi na upande wangu. Waliorudi hawaji kwako, mke wangu. Watakuja kuchapa nini? Wanakuja kwangu! Wanatoka wodini wamekonda, nywele zimewajaa masikioni, wanaanguka kwenye kiti na kuniambia nitengeneze nifanane na mtu. Mwezi huu peke yake nimewanyoa watatu."

"Na mwaka kesho ntawachapa mimi," anajibu mkewe.

"Unaona?" kinyozi anasema. Mashine inawaka tena.

Printa inatema ukurasa wa kwanza. Dereva anausoma akifuata mistari kwa kidole. Kidole kinasimama, na mabega yake yanaanza kutikisika. Mama Chapa anamsogezea karatasi laini na kungoja. Hata hili ni sehemu ya kazi.

"Futa hapa," dereva anasema akishajikaza. "Andika aliugua miaka miwili. Andika alijua na sisi tulijua. Labda yupo mtu pale msibani atakayeshtuka."

Kwa miaka kumi na mmoja hakuna aliyewahi kumwomba hivyo. Anafuta, anachapa upya, polepole mno kwa mtu wa kasi yake. Dereva anampigia baba yake mdogo kumsomea. Sauti ya mzee inasikika hadi kwenye benchi.

"Unataka watu waseme tulimwacha afe?"

"Kwani hatukumwacha, baba?"

Simu inakatwa. Inaita tena, safari hii ni shangazi, kisha kaka mwingine. Baada ya simu ya tatu dereva anairudisha karatasi mezani, macho mekundu.

"Rudisha ilivyokuwa, dada. Mimi siwawezi."

Nakala mia moja na hamsini zinatoka. Zote zinasema muda mfupi. Dereva anazikumbatia, anaaga na kuondoka.

Mama Chapa anabaki ameshika kipanya bila kukisogeza. Kisha anafungua faili moja na kugeuza kompyuta ili mwandishi asome. Ni historia yake mwenyewe. Aliichapa jioni ile ile aliyopewa rufaa, nafasi za tarehe akaziacha wazi. Kwenye mstari wa ugonjwa tayari kumeandikwa: Aliugua kwa muda mfupi.

"Mwone mwanamke huyu," anasema. "Nimeanza uongo hata sijafa."

Anagonga ukuta wa mbao. "Baba watoto! Jumatatu utafunga?"

"Hata sasa hivi nafunga."

Jumatatu walikwenda. Walikaa kwenye benchi la hospitali kuanzia saa moja hadi saa saba, yeye akiwa ameshikilia karatasi yake iliyochakaa kwenye mikunjo. Yaliyotokea ndani aliyasimulia kinyozi. Daktari aliuliza swali la kawaida kabisa: uvimbe huu una muda gani, mama?

"Muda mfupi tu, daktari."

"Miezi saba," kinyozi akasema.

Daktari alimtazama mke, akamtazama mume, akaandika saba. Hakugomba. Mama Chapa anasema angefurahi kama angegombezwa.

Kinyama kimekatwa na majibu ni baada ya wiki mbili. Hakuna aliyemwahidi chochote. Alhamisi hii amefungua kibanda kama kawaida, bandeji ikimwasha chini ya blauzi, na benchini wamekaa wawili wenye bahasha.

Anatumaini nini? "Nitibiwe, nilifute lile faili, halafu nikakae kwenye kiti cha mume wangu na mimi anitengeneze."

Na ikiwa sivyo? Anatazama ukuta wa mbao. Ule mstari ameshaubadilisha, anasema, sasa unasomeka: Aliugua miezi saba, akijua, bila kwenda hospitali. Ndugu zake watapiga simu, hilo analijua. Kwa hiyo jana jioni alimkalisha mumewe, ambaye hajawahi kugusa kompyuta, akamfundisha jinsi ya kulifungua faili na kulichapa mwenyewe.