Nyumba Niliyoiandika Vibaya

Robi mwanangu, kuna siku moja naikumbuka mpaka leo, na kila nikiikumbuka uso unaniwaka kwa aibu. Najua wewe ni mdogo wangu, lakini nimekubeba mgongoni. Nitakuita mwanangu, na asiyetaka aandike barua yake.

Nina hasira, ila si na wewe. Jana umenipigia simu unalia, unataka kuacha sosholojia hata hujaanza, kwa sababu baba mdogo kasema mbele ya wageni kwamba hiyo ni digrii ya kusomea umbea. Mtu ambaye hata tangazo la chanjo ya ng'ombe wake anasomewa na mkewe! Basi ngoja nikusimulie, halafu uamue.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, najiona msomi kuliko kata yetu nzima ya Nyanungu. Akaja binti wa chuo kikuu, Neema, mgeni kutoka mkoa mwingine, yuko mwaka wa mwisho wa sosholojia. Alikuwa anafanya utafiti kuhusu familia, na Kikurya hakijui, nikawa mkalimani wake. Tukafika kwa Bibi Nyangi, mjane ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume. Yeye alitoa ng'ombe akamwoa msichana, Wankuru, niliyesoma naye shule ya msingi, ili azae watoto wa mji ule. Ndiyo ile nyumba ntobhu, si unaijua.

Kwenye dodoso kulikuwa na swali la hali ya ndoa. Neema bado anasalimia, shikamoo zake hazijaisha, mimi nimeshachukua kalamu. Naangalia, mume simwoni. Nikaweka tiki kwa Wankuru: hajaolewa.

Wankuru alikuwa amesimama nyuma yangu, mtoto kifuani. Akasoma kwa sauti.

Bibi Nyangi akaacha kupukuchua mahindi. "Wewe mtoto wa Mwita, ng'ombe wangu walipotoka hapa kwenda kwao huyu, watu walikula, wakacheza. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo, bibi."

"Ulikula?"

"Nilikula."

"Nyama umekula, ndoa umeikataa! Haya, irudishe nyama yangu."

Watoto wakacheka. Wankuru hakucheka. "Boke," akaniambia taratibu, "hawa wakikua wakasoma hiyo karatasi, wataambiwa ni wa nani?"

Nilitaka tuondoke. Lakini Neema hakujitetea wala hakunitupia mimi lawama. Akaikata ile tiki, akakaa chini, akachukua hindi akaanza kupukuchua. "Bibi," akasema, "swali langu ndilo baya. Nifundishe nyumba hii inaandikwaje." Bibi akaongea mpaka mahindi yakaisha.

Halafu Neema akafanya jambo ambalo mimi nisingelifikiria. Akaomba amsindikize Wankuru kuchota maji. Kiswahili Wankuru anakijua, kwa hiyo mimi nikaachwa nyumbani nifagie magunzi. Waliyoongea huko siyajui mpaka leo, Neema hakuniambia. Ila Wankuru alirudi macho mekundu, akatua ndoo, akaninong'oneza sikioni: "Tangu niolewe, leo ndiyo mara ya kwanza mtu ananiuliza mimi."

Hiyo ndiyo sosholojia, Robi. Umbea nilikuwa nao mimi, niliyefika na jibu mfukoni.

Kwa hiyo kozi usibadilishe. Nenda. Ukikuta kitabu kinasema familia ni baba, mama na watoto basi, nyoosha mkono, useme kwenu kuna nyumba nyingine. Lakini usije ukatupamba. Yanayowaumiza wanawake wetu unayajua, yaseme hayo pia, hata kama sisi wenyewe tutanuna. Ukikaribishwa kwa watu, salimia mpaka salamu ziishe ndipo utoe kalamu. Muulize mwenye mji, kisha mfuate na yule anayechota maji. Na ulichoandika wasomee kabla hujaaga, wakusahihishe wakiwa hai.

Mungu akupe masikio mapana na moyo usiochoka kukaa chini na watu. Wanawake wote waliokulea wasimame nyuma yako. Nenda, mwanangu, usome, na siku moja urudi utuulize yale ambayo hakuna aliyewahi kutuuliza.