Karafuu kwa Dakika Tatu

Mie mtu wa kufundisha viungo: karafuu, hiliki, mdalasini, na namna ya kumtembeza mgeni shambani bila ya kumdanganya. Wanafunzi wangu wengi ni wafanyakazi wa hoteli za Kendwa na Nungwi. Hawana nafasi ya kuja mjini, kwa hiyo chuo chetu kilishayatia masomo yangu mtandaoni, kila somo saa nzima. Kweli, wako waliokuwa wakisinzia, lakini walisinzia wakiwa wamejua kitu.

Ndipo akaja mkuu mpya, kijana mpole, kasoma ughaibuni na karudi na neno moja: vipande. Mfumo wa zamani tusiuguse, akasema, ila tuuongezee masomo ya dakika tatu tatu, mtu asome huku akisubiri maji yachemke. "Watu wa siku hizi, Mwalimu, hawamezi tonge kubwa." Nikamwambia, mwanangu, tonge dogo nalo huwa na wali. Hakucheka.

Aliyenitia wasiwasi ni mwanafunzi mmoja, mwanamke wa Kendwa, mfuaji wa mashuka hotelini, mikono imembabuka kwa sabuni. Meneja wake alimwahidi kuwa akileta cheti cha somo langu ataacha kufua, atatembeza wageni kwenye mashamba ya viungo ya Kizimbani. Kila akinipigia simu ni lile lile: "Mwalimu, nnataka kutoka kwenye povu hili." Nami nilitaka atoke, wallahi.

Siku ya kurekodi nikakaa mbele ya simu ya mkuu. Nikaanza kwa bismillahi, nikatoa salamu, nikawauliza hali, wazee, watoto, nikawapa pole wenye wagonjwa na hongera waliojifungua. Nafungua mdomo niseme karafuu, mkuu kanyoosha mkono. Dakika tatu zimekwisha.

"Mwalimu, salamu tuzikate."

Nikazikata. Kipande kikapanda mtandaoni kikavu: "Karafuu huchumwa kabla haijachanua." Astaghfirullah! Kutwa simu yangu haikutulia. "Mwalimu, tumekukosea nini?" Yule wa Kendwa alikuwa karibu kulia, anadhani nimeletewa umbea juu yake, nimemnunia. Hakuna aliyekitazama hadi mwisho. Nani atakaa kumsikiliza mtu aliyemnunia? Mkuu akaangalia takwimu zake, akatoa hukumu: kipande ni kirefu.

Nikapandwa na hasira. Nikarekodi kipande cha salamu tupu, hakina mti wala jani, nikamrushia: haya, chukua! Lo! Wote wakakitazama mpaka mwisho. Na kwa kuwa salamu haiachwi bila ya kujibiwa, wote wakaandika majibu yao pale chini, wakamuulizia mama yangu na goti lake, nami nikawajibu, nao wakanijibu. Mfumo ukayahesabu yote hayo kuwa ni bidii ya masomo. Mkuu akaitwa mkutanoni kusifiwa, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Aliporudi akakifuta kipande cha karafuu, eti hakina watazamaji, akaagiza kila aliyemaliza kipande cha salamu apewe cheti. Nikapiga kelele ofisini mpaka nikaletewa chai. Chai ilikuwa nzuri, na vyeti vikatoka vile vile.

Alasiri moja yule wa Kendwa akanipigia, furaha imemjaa mpaka maneno yanamgongana. "Shikamoo, Mwalimu! Nshapata cheti, mashuka nshayaaga! Kesho nnapeleka wageni Kizimbani."

Nikamwitikia marahaba, nikampa hongera yake, na machozi yakanilengalenga kwa furaha. Kisha akashusha sauti. "Sasa niambie, Mwalimu, hiliki inazaa juu ya mti au chini?"

Nikamwambia hiliki huzaa chini kabisa, karibu na ardhi, na yako mengine mengi kama hayo ambayo wageni watamuuliza. Nikamwambia nnakuja mwenyewe asubuhi na mapema, tukutane shambani kabla hawajafika, nimuoneshe mti kwa mti, ashike, anuse, aonje.

"Usijisumbue, Mwalimu wangu," akanijibu, kwa heshima zote. "Nirushie kipande tu."