Mbwa wa Mishi Hapikiwi

Kama hujawahi kumwona mtu akikataa kwa utulivu, njoo Msalato umtazame Mishi. Hapayuki, hagombani. Anakusikiliza mpaka umalize, anakuuliza kama umemaliza kweli, kisha anaendelea na alichokuwa akikifanya kabla hujafika. Mimi nimepakana naye ua kwa ua tangu huku kote kulipokuwa mashamba ya uwele, na sijamwona bado aliyemhamisha msimamo.

Ni Mrangi wa Kolo, mjane, mama wa Munira, ana mbuzi wachache na kazi ya kunyonyoa kuku sokoni mjini. Ana paka anayeitwa Kashata na mbwa mwekundu anayeitwa Watasema. Jina hilo alimpa siku ile ile aliyomleta, kwa sababu alitujua. Mwanamke wa Kiislamu kufuga mbwa! Kaka yake Adamu alipanda basi kutoka Kondoa kuja kumkumbusha habari za najisi. Mishi akamwambia kwamba mbwa wa kulinda mifugo dini imemruhusu, kwamba Watasema haingii ndani hata siku ya mvua, na kwamba alipolamba sufuria ya watu mara moja, sufuria ilioshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Adamu akanywa chai yake akarudi Kondoa.

Lakini kilichouwasha mtaa hakikuwa dini. Kilikuwa chakula.

Mwanzoni Watasema alilishwa kama mbwa wetu wote: ukoko wa ugali, pumba, maji yaliyochemshiwa dagaa. Akanyonyoka manyoya, mbavu zikatoka nje, akawa wa kuhurumiwa. Mishi akaanza kurudi kutoka sokoni na mfuko wa vichwa, shingo na miguu ya kuku, akawagawia mbwa na paka vile vile vibichi. Mifupa iliyopikwa, alisema, inavunjika vipande vikali vya kuchoma koo, mibichi inatafunika. Mvua zilipokwisha, yule mbwa alikuwa anang'aa.

Hapo watu wakachachamaa. Wa kwanza walisema vichwa na miguu ni mboga, si vya kutupia mbwa. Mishi akasema ni vyake, amevitolea jasho. Wa pili ndio waliokuwa wengi, na walisema kile ambacho kila mmoja wetu huku alifundishwa na babu yake: mbwa akishaonja nyama mbichi ameharibika. Leo kichwa cha kuku, kesho kuku mwenyewe, keshokutwa zizi zima. Mishi akauliza Kashata akikamata panya ni nani kati yetu humpikia. Tukazidi kukasirika.

Msidhani alikuwa hasikii la mtu. Joel, bwana mifugo wetu, alimwonya asimpe mbwa maini wala mapafu ya mbuzi yenye malengelenge ya maji, maana humo mna minyoo inayomrudia binadamu, tena ampe mbwa dawa na yeye mwenyewe anawe mikono vizuri. Hilo alilishika mpaka leo. Mkaidi si mjinga.

Kisha kikafa kitoto cha mbuzi cha Ebenezer. Huyu ni mtumishi wa serikali aliyehamia na ofisi yake kutoka Dar es Salaam, akajenga nyumba nzuri mbele yetu, akafuga mbuzi wachache na mbwa mmoja anayeitwa Taiga. Kitoto kilikutwa nje ya ukuta wake, koo limeraruliwa. Hakuna aliyeuliza ni nani. Lisemwalo lipo, walisema, na macho yote yakageukia zizi la Mishi.

Batholomeo, mwenyekiti wa mtaa, aliitisha kikao. Si mtu mbaya, anapenda mambo yaishe. Alimpa Mishi njia nyepesi: amfunge mbwa mchana, ampikie chakula kama wengine, yaishe. Akikataa, Joel atakuja asubuhi na sindano. Sote tulipumua, tukijua mbwa amepona. Sufuria moja tu ya kuchemsha, nani angeshindwa?

Mishi akauliza kama mwenyekiti amemaliza. Akasimama.

"Nikimpikia leo nimekiri kwamba aliua," alisema. "Hakuua. Sipiki."

Akaenda zake. Nilimkasirikia sana, maana nampenda yule mbwa, na nilitamani kumtikisa mabega.

Asubuhi walikuja, Batholomeo mbele, Joel na kimkoba chake, Ebenezer akiwa amevaa tayari kwenda kazini, na nyuma yao mtaa mzima. Tulimkuta Mishi amepiga magoti zizini. Mbuzi wake mkubwa alikuwa na uchungu. Joel akamwamkia shikamoo, Mishi akaitikia bila kugeuka, akawaomba wasubiri. Wangefanya nini? Walisubiri.

Kitoto cha kwanza kikatoka, kisha cha pili. Watasema alikuwa amelala kando yao, pua juu ya miguu. Kitoto kimoja kikajaribu kusimama, kikamwangukia mgongoni, kikaanza kumnyonya sikio. Mbwa akafumba macho. Kondo la nyuma lilipotoka, hakulisogelea mpaka Mishi alipomrushia. Akalila bichi, lina damu tele, mbele ya kila mtu. Akajilamba mdomo, akarudi kulala palepale na kile kitoto kikajikunja tumboni kwake.

Ndipo Taiga alipoingia. Bwana wake alikuwa ameacha geti wazi na harufu ikamwita. Alipita katikati ya miguu yetu, hakutazama mtu, akakidaka kitoto cha pili shingoni. Wanawake wakapiga kelele. Watasema alinyanyuka mara moja, akamkamata Taiga ukosi, akamlaza chini na kumkandamiza mpaka alipoachia. Hakumtoa hata tone la damu. Mishi akakiokota kitoto, akakipapasa, akakirudisha kwa mama yake.

Kila mtu sasa alijua ni nani aliyeua, na Ebenezer alijua kuliko sote. Manyoya ya Taiga yalikuwa mazuri, lakini alivyolazwa pale tuliona mbavu zake. Ugali na mchuzi alivyopikiwa kwao vilikuwa vimemwacha na njaa ile ile.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nilingoja mwenyekiti aombe radhi. Badala yake alimgeukia Joel, akasema basi sindano isirudi bure, mwenye kosa ameonekana. Joel akafungua kimkoba. Ebenezer aliinamisha kichwa.

Mishi akasimama, damu mpaka kwenye viwiko, akajiweka kati ya sindano na Taiga.

"Mbwa hauawi hapa kwangu," akasema. "Wala wangu wala wake. Huyu ana njaa, Batholomeo. Funga mkoba huo."

Joel aliufunga bila kumngoja mwenyekiti. Mishi akaingia ndani, akatoka na mfuko wake wa vichwa vya kuku vya mlo wa siku ile, akamnyooshea Ebenezer.

"Mpe hivi," alimwambia. "Na usipike."

Ebenezer alipokea kwa mikono miwili, akasema, "Asante, mama Munira," akatoka mbele yetu sote, mbwa wake akimfuata mguu kwa mguu na mfuko ukidondosha damu kwenye viatu vyake vya ofisini.