Haki ya Kuwakosoa Wafu

Mwalimu Ongodia wa Adungosi hakuwahi kutunga hata ubeti mmoja, na kwa miaka mingi jambo hilo halikumkosesha usingizi. Kazi aliyoipenda ilikuwa kusoma tungo za kale na kusema kweli juu yake: hapa mshairi analia, hapa anajiliza tu. Tangu astaafu, kila Jumamosi alipanda boda boda hadi Busia, nyuma ya duka la vitambaa la Abdulnoor, ambako wapenzi wa mashairi walikutana. Walikuwa na desturi yao. Mtu akisoma ubeti ukawagusa, wasikilizaji husema, "Rudia!" Usipowagusa, hunyamaza. Kisha Ongodia husimama akaeleza kwa nini.

Halafu akaja Mujib, wakala wa forodha kutoka Malaba, mtunzi mwenye sauti nzuri na kifua mbele. Siku hiyo Ongodia alikuwa amesema kwamba utenzi mmoja mkongwe, ulioheshimiwa na kila mtu, ulichoka katikati. Mtunzi aliishiwa na la kusema, akabaki kujaza vina. Mujib akacheka.

"Mzee, kwa heshima yako. Huyo mtu wa kitambo unamkosoa, na wewe mwenyewe umeandika nini?"

Watu wakaangalia chini. Jibu lilikuwepo, tena jepesi: anayeonja mboga na kusema chumvi imezidi haulizwi kama anajua kupika. Angelisema hilo, mambo yangeliishia hapo. Lakini mwalimu ni mwalimu. Ameulizwa swali, akaona lazima alete kazi. Akarudi kwake.

Mwaka mzima hakukanyaga Busia. Alikuwa akitunga. Vitabu vya kale viliingia vumbi, kwa sababu kila alipovifungua aliona aibu, kama mtu anayekutana na rafiki ambaye yeye mwenyewe amemsengenya. Alipima mizani kwa vidole hata mezani, ugali ukapoa mbele yake.

"Baba Velma, si uachane na hayo maneno?" mkewe Mildred alimsihi. Hakuachana nayo.

Utenzi ulipokamilika aliusoma shambani, peke yake, kwa sauti. Masikio yale yale yaliyowahukumu wakubwa yakamhukumu na yeye. Vina vilitimia, mizani ilikaa sawa, na ndani hamkuwa na mtu. Aliumia, tusidanganyane. Lakini alipata faraja kidogo: wenzake wangenyamaza, naye angesimama aeleze kwa nini utenzi huu ni mbovu, na Mujib angeelewa kwamba sikio ni kitu kimoja na mkono ni kitu kingine. Ndivyo alivyokwenda Busia, mtunzi wa ajabu, akiomba Mungu wamnyamazie.

Akasoma ubeti wa kwanza.

"Rudia!" akasema Abdulnoor.

Wa pili, wakaitikia wote. "Rudia, Mwalimu, rudia!" Mujib alipigapiga meza ya kupimia vitambaa huku machozi yakimlengalenga. Ongodia aliwachunguza mmoja mmoja akitafuta ule uongo mdogo wa kumtunza mzee. Hakuuona. Walipenda kweli. Alipomaliza, alimvuta Abdulnoor kando, penye majora ya vitambaa.

"Niambie ukweli, ndugu yangu. Usinihurumie."

"Wallahi, mzee, iko tamu. Hakuna tofauti na zile za kitambo."

Uchungu uliompata hapo siwezi kuupamba. Jumamosi zote zile alidhani wanasikia anachosikia yeye. Kumbe walikuwa wakimtazama usoni kwanza, ndipo waseme au wanyamaze.

Mujib akafungua kitabu cha tenzi za kale, akamwekea mikononi kwa heshima kubwa.

"Sasa uko na haki, Mwalimu. Chagua yoyote, kosoa vile unataka. Sisi tunasikiza."

Ongodia akasimama. Akautazama ukurasa, akawatazama na wao, nyuso zao zimejaa mapenzi, hakuna hata mmoja aliyemtakia mabaya.

"Huu ni mzuri," akasema. "Hauna kasoro."

Akafunga kitabu, akaketi, nao wakampigia makofi.