Niliacha Mvua ya Kwanza Iingie Kisimani

Jumamosi, saa nane na dakika ishirini mchana. Saa hiyo naijua kwa sababu niliangalia kona ya skrini nione chaji imebaki ngapi, na hapohapo ndipo nilipokosea. Nimekosa mimi. Si mvua, si umeme, si dada Salma aliyeniachia gemu yake. Mimi!

Sijawahi kulisema jambo hili lote kwa mdomo bila kukwama. Mimi ni mtu wa daftari, kuongea siwezi. Darasani nikiitwa jina tu viganja vinalowa. Kwa hiyo univumilie nikienda mbele nikarudi nyuma. Nakuambia wewe kwa sababu hunijui sura.

Tunakaa Mkunya, Newala. Huku juu kwetu mto hakuna. Maji ni ya mvua: yanatoka kwenye bati, yanaingia kwenye gata, bomba linayashusha mpaka kwenye kisima cha saruji alichochimba marehemu babu pale uani. Mvua zikikata mnakunywa yaliyomo mpaka msimu mwingine. Yakiisha, ni ndoo kichwani, kushuka bondeni na kupanda tena. Ukifika nyumbani unahisi shingo imeingia kifuani.

Sasa kuna jambo ambalo huku hata mtoto wa darasa la pili analijua. Mvua ya kwanza haiingii kisimani! Inaosha bati. Kiangazi chote watu wamepuliza salfa, ile dawa ya unga, kwenye mikorosho, na mikorosho yetu iko nyuma ya nyumba kabisa, yaani ule unga wote umelala juu ya bati pamoja na mavi ya kunguru na mijusi iliyokaukia hukohuko. Kwa hiyo bomba linakaa nje ya kisima. Maji yanamwagika chini, yanatoka ya njano, yanatoka kama chai, na wewe umesimama hapo unanyeshewa, unayaangalia, mpaka yatoke meupe. Ndipo unaliingiza bomba.

Mama alipoondoka asubuhi ile kwenda Masasi kumjulia hali mama mdogo, neno lake la mwisho lilikuwa hilo.

"Mawingu haya si ya utani. Bomba lisiguse kisima mpaka maji yawe meupe. Bibi yako miguu haimpeleki, ni wewe."

"Sawa, mama."

"Na hicho kidude ukiweke chini."

"Sawa, mama."

Kidude chenyewe ni mashine ya gemu, ile ya kushika mikononi, skrini katikati na vitufe huku na huku. Ni ya dada Salma, mtoto wa baba mkubwa, anauza duka la simu Masasi. Aliniachia wiki moja tu. Ndani mna gemu ya hadithi ambayo zamani ilichezwa kwenye mashine kubwa za kuunganisha na TV, sasa wameibana mpaka ikaenea kwenye kile kidogo. Maandishi madogo kama ya kwenye kikaratasi cha dawa, na maadui wakiwa wengi picha inakwamakwama. Lakini hadithi yake, jamani! Dada na mdogo wake wa kike wanakimbia ngome iliyochomwa moto. Wewe ndiye dada. Una upinde, una mkuki, na nyuma yako una mdogo wako anakuuliza maswali njia nzima.

Niliimaliza Jumanne. Kwenye daraja la kamba yule mdogo akaanguka. Nililia kweli, mpaka Bibi akauliza nani kafariki.

Dada Salma akanicheka kwenye simu. "We uliharakisha! Kuna njia yule mtoto anapona. Anza upya, na safari hii usimpite mlinzi wa lango. Ongea naye mpaka amalize."

Nikaanza upya. Asikudanganye mtu, kurudia kuna utamu kuliko mara ya kwanza. Unajua nani yuko nyuma ya mlango. Unayasikia maneno uliyoyapita mbio. Kumbe yule mdogo tangu mapema alikuwa anasema anaogopa kuangalia chini, mimi wala sikumsikiliza! Sasa kila akisema, nilimjibu kimoyomoyo: safari hii sikuachi.

Lakini Jumapili dada Salma alikuwa anakuja na Mama kuichukua mashine yake. Na umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Chaji ilibaki asilimia kumi na tisa, na daraja bado liko mbele. Gemu ile haisevu popote unapotaka. Inasevu ukifika kwenye moto wa kambi, na moto ule uko ng'ambo ya daraja. Ikizima kabla ya hapo, kazi yote ya siku mbili imekwenda.

Nikatoka uani. Upande wa Ruvuma kumefunga, kweusi tii. Bomba limeegemezwa ukutani, tundu la kisima limezibwa kwa kitambaa. Nikapiga hesabu: mvua ikinikuta darajani itabidi nitoke, nisimame robo saa nzima, kisha niliingize bomba. Chaji itakuwa imeshakufa.

Ningeliacha nje tu, tungepoteza maji ya mvua moja na Mama angenifokea. Basi! Kufokewa tu! Lakini nilitaka vyote viwili, gemu iishe na kisima kijae.

Nikajitafutia sababu. Jumatano yalidondoka manyunyu. Manyunyu yenyewe hayakulaza hata vumbi la uani, lakini nikajiambia, si yameshaosha bati? Nikachomoa kitambaa. Nikaliingiza bomba kisimani. Nikarudi ndani, nikajilaza kitandani, nikaendelea kucheza.

Mvua ilishuka kabla ya saa tisa. Unajua mvua ya kwanza inavyopiga bati, huwezi kusikia hata unachofikiri. Nikasikia Bibi anaita kutoka chumbani kwake. Yeye huniita mke mwenzake, kwa utani.

"Mke mwenzangu! Umesimama kwenye bomba?"

"Nimesimama, Bibi!"

"Yanatokaje?"

Mungu wangu. Nilikuwa nimelala chali, vidole kwenye vitufe, nimefika katikati ya daraja.

"Ya njano bado!"

"Usiliingize, mama, mpaka yawe meupe."

"Ndiyo, Bibi!"

Nilidanganya mpaka na rangi! Hilo ndilo linaloniuma. Hakuna aliyeniomba nitaje rangi ya uongo, nilikuwa nayo tayari mdomoni.

Asilimia nne. Mdogo akasema siwezi. Nikabonyeza nimshike mkono, jibu ambalo halikuwepo mara ya kwanza. Asilimia tatu. Tukavuka. Tukaufikia moto, ikasevu, na baada ya muda kidogo skrini ikawa nyeusi.

Nilifurahi. Naungama na hilo. Nilifurahi kama dakika mbili hivi.

Kisha nikatoka, mvua ikiwa bado inanyesha, nikafunua mfuniko. Povu la njano. Manyoya. Harufu ya kiberiti ikanipanda puani. Nikalivuta bomba kwa mikono miwili, nikalitupa pembeni, kama vile kulitoa wakati ule kungesaidia kitu. Yale maji ya zamani, meupe, baridi, tuliyoyatunza tangu masika! Nikafunika. Nikazungusha kitambaa tunduni vizuri kabisa, nikaingia ndani, nikabadili gauni.

Ningesema hapo, leo nisingeandika.

Saa kumi mvua imekatika, Mama Shadia akaja na ndoo yake. Ni jirani wa ukuta kwa ukuta, yeye hana kisima. Shadia ni mtoto wake wa kwanza, miezi saba, na mwezi uliopita alikuwa amelazwa kwa sababu ya tumbo. Mtaa mzima tunajua, mimi mwenyewe nilimbebea mama yake chupa ya chai.

"Hodi humu! Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mama. Maji?"

"Maji, Bibi. Ya leo nimeyakinga ya kufulia tu. Ya mtoto nimesema niyafuate kwenu, nesi kaniambia tumbo la huyu lisichezewe."

"Chota, mwanangu, chota. Ya zamani yapo. Ya leo huyu mke mwenzangu kayamwaga yote, kanyeshewa mpaka kabadili nguo!"

Nilikuwa nimesimama palepale. Shadia mgongoni kwa mama yake, ananiangalia, anakula kidole. Ndoo ikashuka, ikapanda.

Mama Shadia akainama. "Mbona kama yana rangi?"

Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. "Ndoo imetibua chini, dada. Yaache yatulie."

"Haya. Nitayachemsha."

Bibi akacheka kule barazani. "Sikia maajabu! Mke mwenzangu leo katoa maneno mengi mbele ya mgeni! Mvua hii ina baraka."

Wakacheka wote wawili. Na mimi nikacheka.

Jioni sikukaa. Nilikuwa nasogea mpaka uani, nasikiliza ng'ambo ya ukuta, narudi. Nilisikia sufuria. Nilisikia Mama Shadia anamwimbia mwanawe, uji unapoozwa. Nikajiambia kachemsha, kikichemka kitu kinakufa. Lakini salfa haifi kwa kuchemka, hilo nalijua, mimi nasoma kemia! Nikafika mlangoni kwao mara tatu. Mara ya tatu mkono ulikuwa umeshainuka kubisha, nikaushusha, nikarudi.

"Unazunguka nini wewe kama kuku anayetafuta pa kutagia?" Bibi akaniuliza.

"Hamna, Bibi."

Na sisi tulikunywa ya mtungini, yaliyochotwa juzi yake. Nilimmiminia Bibi kutoka mtungini. Nilijua nisimpe ya kisimani. Bibi yangu nilimlinda, mtoto wa mwenzangu nikamwacha.

Asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, wakaja wanawake watatu na ndoo zao, kama wanavyokuja kila Jumapili. Mama Issa ndiye aliyekuwa na habari.

"Bibi, mmesikia? Shadia kapelekwa zahanati alfajiri. Anatapika, anaharisha. Wanasema ni meno."

Miguu ikanipeleka yenyewe. Nikaenda nikakaa juu ya mfuniko wa kisima.

"Haya binti, tupishe tuchote."

"Hamchoti."

"He! Makubwa! Siku hizi maji yana mwenyewe?" Wakaangua kicheko. "Na huyu naye ameanza uchoyo, mama yake hajui!"

"Hamchoti," nikasema tena. Sauti ilitoka kama ya kifaranga. "Yana salfa. Jana bomba nililiingiza mapema. Nilikuwa nacheza gemu. Mama Shadia nilimwambia ndoo imetibua, nilimdanganya. Na Bibi nilimdanganya."

Kicheko kikakatika. Mama Issa akaiweka ndoo chini. Bibi akihamaki Kiswahili kinampotea, anabaki na Kimakonde chake, na aliyonitolea pale siwezi kuyaandika. Alipomaliza akauliza kitu kimoja tu.

"Kule zahanati wanajua?"

"Hawajui, Bibi."

"Sasa hapo umekaa unaatamia nini? Wanampa mtoto dawa ya kuota meno! Kimbia!"

Nilikimbia na kandambili moja.

Mama Shadia alikuwa kwenye benchi la nje, kamlaza mtoto mapajani. Shadia hakuwa analia, na hilo lilinitisha kuliko kilio. Nikapiga magoti, nikamwamkia, nikamwambia yote. Nilisubiri kofi, nilikuwa nalitaka.

"Mimi si daktari," akasema. "Ingia humo ndani ukamwambie. Kwa sauti. Kama ulivyokuwa na sauti jana."

Foleni nzima ilikuwa inatazama. Nikausukuma mlango, nikamkatisha mganga na mgonjwa wake, nikasema. Salfa, mavi ya ndege, mtoto wa miezi saba, tangu jana jioni. Mganga akasimama, akamwita nesi, wakamchukua Shadia palepale.

Alikaa siku tatu na dripu. Alipona, namshukuru Mungu kila nikimsikia anacheka ng'ambo. Lakini mama yake hachoti tena kwetu. Mvua nazo zilikata kwa wiki kadhaa baada ya ile ya kwanza, na majirani wote waliokuwa wanategemea kisima cha babu wakashuka bondeni, kwa sababu yangu. Bibi haniiti tena mke mwenzake. Ananiita kwa jina langu.

Wewe unayesoma, labda una gemu yako, au simu, au chochote kile kisichotaka kuachwa katikati. Kiache! Kizime kikiwa pazuri hivyohivyo, uende ulipotumwa. Na kama umeshakosea, usingoje kupambazuke. Kosa langu la saa nane lilikuwa la maji. La saa kumi lilikuwa la mtu, na nililifanya nikiwa sina gemu yoyote mkononi.

Asubuhi ile nilirudi nyumbani kwa miguu, pekupeku, ile kandambili nimeishika. Wanawake walikuwa bado uani na ndoo tupu. Sikuwaangalia. Nikafunua mfuniko, nikafunga kamba kwenye ndoo, nikateka, nikaenda kumwaga mbali, nyuma ya choo. Nikarudi, nikateka tena. Hakuna aliyenisaidia, na sikuomba.