Pendekezo la Tatu la Desmond Pargeter

Desmond Pargeter hakuwa mtu mkubwa pale Wizara ya Ulinzi, London, lakini kwa kuandika mapendekezo mabovu hakuwa na mpinzani. Msicheke, ule nao ni ufundi. Waziri haletewi pendekezo moja, ataona anaamriwa. Analetewa matatu. La kwanza ghali kupindukia, ili Hazina washike vichwa. La tatu la kubana matumizi hadi aibu, ili majenerali wapandwe na hasira. La pili ndilo wakubwa wa wizara walilokwisha kukubaliana zamani, wakinywa chai. Waziri analichagua la pili, anajiona ana busara, na watu wanakwenda zao kula. Desmond ndiye aliyekuwa mwandishi wa la tatu, miaka nenda miaka rudi, na halikuwahi kuchaguliwa. Alijivunia sana jambo hilo.

Safari hii shughuli ilikuwa kambi ya visiwa vya kusini, kule mwisho wa dunia, ambako vita ilikuwa imekwisha na askari wamebaki kulinda kondoo na upepo. Kambi ilikuwa inatafuna fedha, ikabidi ipunguzwe. Desmond alikuwa na mtoto kule, Neil, koplo, fundi wa majenereta, ambaye angerudi Machi. Gillian, mke wa Neil, alitarajia kujifungua Aprili. Desmond hakuwa na wasiwasi hata chembe, maana katika pendekezo la pili Machi ilibaki palepale.

Basi akaandika upuuzi kwa raha zake. Nusu ya askari waondolewe, mafundi wabaki. Hao mafundi wasibadilishwe kila baada ya miezi minne, wakae mwaka mzima, ndege zisiende ovyo. Likizo hakuna.

"Desmond bwana, leo umevuka mpaka," alisema mkuu wake, Fairclough, akifuta machozi ya kicheko. "Hili hata mwendawazimu hatalikubali."

"Ndiyo kazi yangu, mzee."

Sasa, waziri alikuwa mgeni, ameteuliwa juzi tu, na desturi ile haisemwi kwa mdomo. Kila mmoja alidhani mwenzake amekwisha kumdokezea. Mtu wa watu akaketi akayasoma yote matatu. Loh, akayasoma kweli!

"Hili la tatu ndilo lenye ujasiri!" akasema mkutanoni. "Nalichukua. Nani kaliandika?"

Fairclough akayakodolea macho mabiskuti. Desmond aseme nini? Kwamba ni mzaha? Kwamba wizara humwandikia waziri upuuzi makusudi, na yeye hulipwa kwa hilo? Alimwona Neil waziwazi, amevaa koti lake la mvua. Akafungua mdomo.

"Ni mimi, Mheshimiwa."

"Hongera sana!"

Na kweli walimpandisha cheo.

Jumapili iliyofuata Gillian alikuja kula kwa akina Desmond, tumbo mbele, macho mekundu. Neil alikuwa amepiga simu.

"Mwaka mzima, Baba! Mtoto atakuwa anatambaa hajamjua babake!"

"Mjinga gani amekaa akabuni kitu kama hiki?" Winifred, mkewe Desmond, alifoka huku akitua sinia la nyama mezani. "Huyo hajazaa, eti?"

"Ni kamati," alisema Desmond.

"Kamati nzima ya wajinga? Ebo!"

Desmond alikata nyama vipande vidogo vidogo ambavyo hakuvila. Gillian akamgeukia.

"Baba, wewe si uko humo humo? Waandikie basi. Wewe kuandika unajua, watakusikiliza."

Desmond alitaka kusema. Naapa alitaka. Aibu ikamchoma mpaka masikioni, na neno lililotoka lilikuwa la kweli tupu.

"Nimeshawaandikia, mwanangu."

Gillian akainuka na tumbo lake, akazunguka meza, akambusu shavuni.

"Asante, Baba. Nilijua tu hutanyamaza."

Winifred akamwongezea viazi.