Mtumbwi wa Mnadani

Fundi mitumbwi wa Igombe haongei akiwa kazini. Husokota pamba pajani, huichovya kwenye mafuta, kisha huishindilia kati ya mbao kwa kidole gumba chenye ukucha mweusi. Hata shikamoo ya Wilhelmina, muuza uji, huiitikia kwa kichwa tu.

Jumanne moja mteja alileta mtumbwi alioununua ng'ambo ya ziwa, kwenye mnada wa mitumbwi iliyokamatwa na askari wa huko kwa kuvuka mpaka. Fundi alikwangua rangi mpya, akapapasa maungio, na maneno yakamtoka: "Huu nimeuunda mimi. Ni wa Mashimba."

Mashimba ni mume wa Wilhelmina. Alifuata sangara mbali tangu viwanda vya minofu vimalize wa karibu, na huu ulikuwa mwezi wa nne hajarudi. Wilhelmina aliacha uji, akaja mbio. "Kaka, na wenyewe wako wapi?"

"Dada, mimi niliuziwa mtumbwi, sikuuziwa watu."

Fundi alibandua kiraka cha bati ubavuni. Chini yake palikuwa na matundu matatu ya risasi, usawa wa kifua cha mtu aliyeketi. Akageuka haraka, akayaziba kwa mgongo wake.

"Nimekosea, mwanangu," alisema. "Nimeunda mingi inayofanana."